Magazeti ya Vyama Yalibebwa na Posta

Ndugu zangu, kila tukitaja magazeti ya vyama ya Marekani changa, mazungumzo yanaishia kwenye matusi: nani alimchafua Rais Washington, nani alimchafua waziri wake Jefferson. Matusi yalikuwapo, tena makali. Lakini tusi lililochapwa Philadelphia lilimfikiaje msomaji wa Lexington, Kentucky? Hilo hatuulizi, na mimi sichoki kuliuliza.

Someni sheria ya posta ya 1792. Barua ya karatasi moja: senti 6 ndani ya maili 30, senti 25 ikizidi maili 450. Gazeti zima: senti 1 hadi maili 100, kupita hapo senti moja na nusu. Na mchapaji yeyote aliweza kumpelekea mchapaji mwenzake nakala moja bure. Bure kabisa! Mchapaji wa mji mdogo hakuwa na waandishi wa kuwatuma popote. Aliyasubiri magazeti ya wenzake, akachagua habari za upande wake, akazipanga upya herufi moja moja. Ukurasa wa 1 na wa 4 vilichapwa mapema, vimejaa matangazo. Wa 2 na wa 3 vilingoja posta. Mto ukifurika, posta haiji, nafasi inajazwa kwa chochote kilichopo. Mtambo ulikuwa wa mkono, mmoja anapaka wino, mwenzake anavuta, karatasi mia mbili na kitu kwa saa, upande mmoja tu. Nakala 1,000 zilimaliza siku nzima.

Mtaniambia, “Fedha za chama je?” Haya. Jefferson, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alimpa mhariri Philip Freneau kazi ya kutafsiri wizarani kwa dola 250 kwa mwaka, na Oktoba 1791 likazaliwa gazeti la Freneau, National Gazette, mjini Philadelphia. Oktoba 1793 lilikuwa limekufa, Jefferson akiwa bado waziri! Wasomaji walisoma kwa mkopo wasilipe, na homa ya manjano ikaukumba mji. Mlezi mkubwa hakuliokoa.

Muda umenibana, kwa hiyo Sheria ya Uchochezi ya 1798, iliyowaadhibu walioandika uongo wa kuichafua serikali, naigusa tu. Faini hadi dola 2,000, kifungo hadi miaka 2. Ilimlinda Rais na Bunge. Makamu wa Rais, ambaye sasa alikuwa Jefferson, haikumtaja. Bache, mchapaji wa gazeti la Aurora la upande wa Jefferson, alikamatwa hata kabla haijapitishwa, akafa kwa homa ileile ya manjano Septemba, kesi haijasikilizwa. Novemba gazeti lilirudi mitamboni, mikononi mwa William Duane.