Kurekebisha Vilengeo vya Gobore kwa Uwindaji na Shabaha

Ndugu watazamaji, karibuni. Hapa Tabora magobore yamekuwa mikononi mwa watu tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu na za Mtemi Mirambo, ila mengi hupiga pembeni, na mnyama aliyepigwa vibaya hutokomea porini na jeraha lake. Leo tutarekebisha vilengeo tu, yaani vyuma vidogo vya kulengea vilivyo juu ya mtutu. Silaha hii ina leseni, tuko kwenye uwanja ulioruhusiwa, na tupa, yaani kifaa cha kusugulia chuma, itashikwa na fundi anayetambuliwa kisheria.

Kwanza, ondoeni fataki (kikombe kidogo kinachowasha baruti), kisha ingizeni mdeki, ule ufito wa kushindilia, hadi ugote na kuutia alama kwenye mdomo wa mtutu. Uchomoeni, mwulaze ubavuni mwa mtutu, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha yake isipofika karibu na tundu la moto, linalopitisha moto wa fataki hadi kwenye baruti, ndani mna kitu, na kazi isimame hapo.

Sasa egemezeni gobore juu ya mfuko wa mchanga, mpige risasi tano kwa umbali wa mita 50, mkilenga pale pale kila mara hata kama zinaangukia kwingine. Tumieni baruti nyeusi peke yake, kwa kipimo kile kile, kwa sababu baruti ya kisasa isiyo na moshi inaweza kuupasua mtutu usoni penu. Kitambaa cha kufungia goroli, yaani risasi ya mviringo, tumekipaka nta ya nyuki, ambayo mkoa wetu umejaliwa, iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya ng'ombe. Mafuta ya injini huacha masizi yanayonata kama lami. Futeni mtutu kila baada ya risasi.

Matundu yakitawanyika, msiguse kilengeo chochote. Chunguzeni baruti, kitambaa na goroli. Yakikusanyika mahali pamoja pasipotakiwa, kilengeo cha nyuma kisogezwe upande mnaotaka risasi iende.

Risasi zikipiga chini, kilengeo cha mbele ndicho kinachopunguzwa. Zetu zimeshuka sentimita 10, na kati ya vilengeo kuna sentimita 80. Kwa hiyo, kwa umbali ule wa mita 50, kinachohitajika kuondoka ni milimita 1.6 (sentimita 10 × 80 ÷ 5,000 = sentimita 0.16). Tazameni kwa karibu: fundi anapitisha tupa laini taratibu, anapima, na anaishia kwenye milimita 1, kwa kuwa chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi. Tunapiga tano nyingine kabla hajaendelea.

Mkimaliza, osheni mtutu siku hiyo hiyo kwa maji ya moto yenye sabuni, ukausheni kabisa, ndipo mpake mafuta, maana masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kuleta kutu.