Oili Nzito Kuliko Aliyoagiza Mtengenezaji: Inalinda Nini na Inaharibu Nini

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya mafundi, madereva na wamiliki wa gari za abiria)

Waheshimiwa masheha, mafundi wetu, madereva, na nyote mliohudhuria, assalaamu alaykum.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu humu amelisikia, na wengi wetu tunalitenda kila tunapomwaga oili, nalo ni kuitia injini oili iliyo nzito kuliko ile aliyoitaja mtengenezaji. Husemwa kwamba nchi yetu ni ya joto, kwamba gari zetu zimekwisha kutumika sana Japani kabla ya kutufikia, na kwamba oili nzito hukaa wakati nyepesi hupotea. Sikuja kuwadharau mafundi wanaosema hivyo, kwa sababu hao ndio walioziweka gari za kisiwa hiki barabarani kwa miaka mingi huku vipuri vikiwa haba. Ninalosema ni kwamba uzito wa oili si ulinzi kwa nafsi yake, na kwamba anayeuongeza lazima ajue anaongeza kwa sababu gani na kwa kiasi gani.

Tuanze na namba za kwenye dumu. Utaratibu huu wa kupanga oili kwa mnato, yaani uzito wake wakati wa kutiririka, uliwekwa mwaka 1911 na SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari iliyoanzishwa Marekani, na umerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Katika oili ya 5W-30, namba ya mwanzo yenye herufi W inahusu baridi kali. Oili ya 5W hupimwa uwezo wake wa kuiachia injini iwake katika nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri, baridi ambayo Pemba haitufiki. Namba ya pili inahusu mnato wa oili katika nyuzi joto 100, ambazo ni karibu na joto la oili ndani ya injini inayofanya kazi. Kwa sentistoki, ambacho ni kipimo cha mnato, oili ya 30 huwa kati ya 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Kwa hiyo mwenye gari aliyeambiwa atie 5W-30, naye akatia 20W-50, ameruka daraja mbili nzima, na oili aliyotia inaweza kuwa nzito karibu maradufu ya ile iliyokusudiwa.

Hoja ya joto ndiyo yenye nguvu zaidi katika mazungumzo yetu, na ndiyo inayostahili kuchunguzwa zaidi. Joto linaloiyeyusha oili ni la ndani ya injini, na joto hilo halipandi sawasawa na jua la mchana, kwa sababu maji ya injini yanasimamiwa na themostati, vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye rejeta, ambayo katika injini nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye takriban nyuzi 82, iwe gari iko Sapporo kule Japani au iko Wete hapa Pemba. (Fundi anayeing'oa themostati kwa kuogopa gari kuchemsha huifanya injini ikawie kupata moto, na oili nzito ndani yake ikabaki nzito zaidi kwa muda mrefu. Naomba sana tuiache tabia hiyo.) Isitoshe, oili nyepesi si nyepesi wakati injini imelala. Katika nyuzi 40, mnato wa 5W-30 kwa kawaida ni kiasi cha sentistoki 60, na wa 20W-50 hufika 150 na kuzidi. Asubuhi zetu ni za nyuzi 25 hivi, kwa hiyo mnato wa zote mbili huwa juu ya hapo. Dereva anayeiwasha gari alfajiri na kuondoka papo hapo na abiria ana oili nzito mno tayari, hata kama dumu limeandikwa 5W.

Sasa tuangalie oili inafanya kazi gani. Mwaka 1883, Beauchamp Tower, mhandisi wa Uingereza, alikuwa akichunguza beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi, oili ikapanda na kumwagika; akaliziba tundu kwa kizibo, na kizibo kikasukumwa nje. Alipopima aliona kwamba oili iliyo kati ya vyuma viwili, kimoja kikizunguka, hujijengea presha yake yenyewe, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu jinsi inavyotokea. Krenki shafti, yaani mti mkuu wa injini, ikizunguka huipanda oili kama boti ya mashine inavyoinua omo juu ya maji ikishika kasi, na chuma hakigusi chuma. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele, na unategemea mambo matatu kwa pamoja: mnato, kasi ya mzunguko na uzito wa mzigo.

Hapo ndipo wanaotetea oili nzito wana haki yao. Mzigo ukizidi na kasi ikipungua, mnato mkubwa zaidi huuongezea utando unene. Toyota wenyewe, katika vitabu vyao vya gari, wameandika kwamba oili yenye namba ya pili kubwa zaidi inaweza kufaa kwa gari inayokwenda kasi sana au inayobeba mzigo mzito kupita kawaida. Injini ileile huweza kuandikiwa 0W-20 katika nchi moja, na katika nchi nyingine ikaruhusiwa hata 15W-40, na sababu moja kubwa ni kubana matumizi ya petroli. Tangu Marekani ilipopitisha mwaka 1975 sheria iliyoleta viwango vya matumizi ya mafuta kwa magari, watengenezaji wamekuwa wakitafuta kila upungufu mdogo wa msuguano, na oili nyepesi huwapa upungufu huo. Kwa hiyo Noah inayopanda milima ya barabara ya Mkoani ikiwa imejaa abiria, na msimu wa karafuu ikabebeshwa na magunia juu, sioni ubaya ikihamishwa kutoka 30 kwenda 40, na mara nyingi kitabu chake cha nchi za joto kinaruhusu hivyo.

Kuruka hadi 50 ni jambo jingine. Pampu ya oili husukuma kiasi kilekile kila inapozunguka. Oili ikiwa nzito presha hupanda, vali ya kupunguza presha hufunguka, na sehemu ya oili hurudi ilikotoka bila kufika juu kwenye kamshafti, mti unaofungua vali za injini. Vali iliyomo ndani ya filta nayo hufunguka, na oili ikapita bila kuchujwa. Dereva huona taa ya oili imezimika haraka akafurahi, kumbe presha kubwa haimaanishi kwamba oili inapita kwa wingi.

Halafu kuna VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa kufunguka kwa vali, ambao umo katika sehemu kubwa ya gari tunazoziona hapa: IST, Vitz, Spacio, Noah. Mfumo huo huigeuza kamshafti kwa nguvu ya oili inayopitishwa na vali ndogo ya umeme. Katika injini ya Toyota iitwayo 1NZ, ukifungua boliti iliyo kwenye silinda hedi karibu na vali hiyo, utakuta kichujio cha wavu kinachoenea kwenye ncha ya kidole. Kiweke juu ya kitambaa cheupe ukitazame: mara nyingi matundu yake yamezibwa na utelezi mweusi wa oili iliyokaa kupita muda wake. Wavu kama huo ukipitiwa na oili nzito ambayo haijapata moto, kamshafti huchelewa kugeuka, gari ikakosa nguvu kwenye mlima, taa ya injini ikawaka, na mwenye gari akauziwa sensa asiyoihitaji.

Hoja ya uchakavu ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu wanaoumia ni watu wenye kipato kidogo. Injini inayogonga hunyamaza kidogo ikitiwa 20W-50, na moshi wa bluu hupungua, na katika wiki hizo ndipo gari nyingi huuzwa. Beringi iliyolika haijazwi na oili, na ringi za pistoni zilizoganda kwa masizi huzidi kuganda zisipopata oili inayopita vizuri na kubadilishwa kwa wakati. Fundi anayetumia oili nzito kumsubirishia mteja hadi apate fedha za kushusha injini anafanya jambo la halali, maadamu amemwambia wazi kwamba hivyo ndivyo anavyofanya.

Nisiwasahau wenye malori ya dizeli: 15W-40 kwao ndiyo oili iliyoandikwa kwa injini nyingi za aina hiyo, wala hawajazidisha kitu. Oili ya bodaboda tuiache kwenye bodaboda, kwa sababu imetengenezwa kwa klachi inayoogelea ndani yake.

Mwenye gari iliyokwisha kuzoea 20W-50 asirudi kwenye 0W-20 kwa siku moja. Aanze kwa kusoma kifuniko cha kutilia oili, ambacho mara nyingi kimeandikwa daraja lake, kisha atie 10W-40, abadilishe na filta, na apime kwa stiki kila wiki gari ikiwa imesimama mahali pa sawa. Oili ikipungua kidogo hiyo ni kawaida ya injini ya umri huo. Ikipungua zaidi ya lita 1 kwa kilomita 1,000, ambacho ndicho kikomo kilichoandikwa katika vitabu vya Toyota, apimiwe kompresha, yaani presha ya ndani ya silinda, na zitazamwe vali sili, zile mpira zinazozuia oili isipite kwenye vali, kabla ya kununua dumu jingine la aina yoyote.