Masini iko inalala: kupima kasi ya utafutaji na kuiandika

Jambo yenu wote, wazee, ba mama, ndugu wanafunzi. Aksanti kwa kuja na jua hili la Lubumbashi, na aksanti kwa vijana walioleta jenereta. Kwa somo la leo, jenereta ni sehemu ya hoja.

Nianze na mama mmoja mtunza nyaraka. Ofisi yake iko mjini humu humu, imejaa masanduku ya barua na ripoti za wafanyakazi, nyingine za Kifaransa, nyingi za Kiswahili. Tulizipiga picha, programu ikasoma maandishi, tukaziweka ndani ya Solr, injini ya kutafuta maneno ndani ya hati, ili zitafutike. Siku ya kumkabidhi nilijigamba: mama, kila swali litajibiwa chini ya robo ya sekunde. Wiki mbili hazikupita akanipigia simu: "Papa, masini yako iko inalala." Nikafungua vipimo vyangu, nikatazama wastani, nikamjibu kwa heshima zote kwamba masini hailali. Kumbe aliyelala ni mimi.

Tuchukue maswali 100. Maswali 95 yanajibiwa kwa milisekunde 20 (sekunde moja ni milisekunde 1000), na matano yanachukua sekunde 4 kila moja. Jumlisha, gawa: wastani ni milisekunde 219. Haya, nani kati ya hao 100 aliyengoja milisekunde 219? Hakuna hata mmoja. Nyumba moja ina maji siku nzima, jirani hana tone, halafu unakuja kuwaambia kwamba kwa wastani wote wawili wana maji nusu siku!

Kwa hiyo acha kujumlisha. Panga nyakati zote kuanzia ulio mfupi, kisha usome ule wa 50, wa 95 na wa 99. Na hapo pia kuna mtego. Katika mfano wangu wakati wa 95 bado ni milisekunde 20, safi kabisa; uchafu unaonekana ukifika wa 96 na kuendelea. Wengi husimama kwenye 95 kwa sababu walisoma mahali kwamba 95 inatosha. Mtu anayeuliza mara 10 kwa siku, na matano katika kila 100 ni ya polepole, ana nafasi kama 40 kwa 100 ya kukutana na moja la polepole siku hiyo hiyo. Mama yule huuliza mara nyingi kuliko 10. Ndiyo maana yeye aliiona nami sikuiona.

Maneno machache juu ya vyombo vyenyewe. Doug Cutting alianza Lucene, programu ya msingi ya utafutaji, mwaka 1999. Yonik Seeley akajenga Solr juu yake mwaka 2004 akiwa kampuni ya CNET, nayo ikaingia shirika la Apache mwaka 2006. Elasticsearch, injini nyingine, ya Shay Banon, ya mwaka 2010, imekalia Lucene ile ile. Nitakayosema leo yanagusa zote, mimi nasema Solr kwa sababu ndiyo iliyonipa aibu.

Solr ina logi, mimi naiita daftari. Kila swali linapojibiwa, linaandikwa mstari: maneno yaliyoulizwa, hits yaani idadi ya hati zilizopatikana, na QTime, muda kwa milisekunde. Niliiamini QTime kama saa ya kanisa. Lakini QTime haihesabu muda wa kuliandika jibu na kulisafirisha hadi kwa aliyeuliza. Elasticsearch nayo ina namba yake, took, na yenyewe inaishia kabla jibu halijapangwa na kutumwa. Ni mpishi anayehesabu muda wa kusonga bukari, halafu hahesabu muda wa kuifikisha mezani. Mwenye njaa anahesabu tangu alipoketi.

Na mezani ndipo nilipoharibu. Programu yangu ya mbele ilikuwa inaomba hati 1000 kwa mara moja, kila moja na maandishi yake yote, eti mama asisumbuke kufungua ukurasa wa pili. QTime ilikuwa milisekunde chache tu. Kwenye skrini yake, kwa mtandao wa ofisi ile, sekunde zilikuwa zinapita anazihesabu kwa vidole. Tangu hapo naandika nyakati mbili kwenye mstari mmoja: wa seva, na wa mtu, unaopimwa kutoka anapobonyeza hadi anapoona. Tofauti kati ya hizo mbili inakuambia pa kwenda kutafuta kosa. Nikapunguza hati hadi 20, nikatoa dondoo fupi badala ya maandishi yote, sehemu ya kwanza ya usingizi ikaisha.

Sehemu ya pili ilinishinda kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo iliyonileta kusimama hapa.

Katika Solr unaweza kuweka kizingiti, slowQueryThresholdMillis, ukasema: swali lolote litakalozidi milisekunde 1000 lipewe alama ya onyo. Nikaweka, nikangoja siku tatu, nikasoma. Maswali ya polepole karibu yote yalikuwa na kitu kimoja: nyota, yaani alama ya "herufi zozote", mwanzoni mwa neno. *lipwa. *kataa. *fukuzwa.

Tufikiri pamoja. Faharasa ya injini hizi imegeuzwa: haisemi hati hii ina maneno gani, inasema neno hili liko katika hati zipi. Maneno yamepangwa kama kamusi. Ukiuliza lip*, injini inakwenda moja kwa moja kwenye L, inachukua jirani chache, imemaliza. Ukiuliza *lipwa, haina pa kuanzia. Inabidi ipitie kamusi nzima neno kwa neno. Kwa Kiingereza watu hawaulizi hivyo mara nyingi, kwa sababu maneno yao hubadilika mkia. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni yake maarufu ya kukata mikia ya maneno ya Kiingereza, na hadi leo iko ndani ya injini nyingi. Kiswahili kinabadilika kichwa! Hawakulipwa, tumelipwa, atalipwa, wasiolipwa. Mama hakuwa anatumia masini vibaya. Alikuwa anaongea Kiswahili, na kwa mtu anayeongea Kiswahili nyota mwanzoni ndiyo njia ya akili kabisa.

Daftari langu la zamani lingesema tu "polepole, sekunde 4". Lilipoanza kubeba na maneno yenyewe, kosa lilijitaja lenyewe.

Dawa? Kwanza niliongeza uga mwingine, yaani sehemu nyingine ya faharasa, ambamo kila neno linahifadhiwa pia kinyumenyume: lipwa inakuwa awpil, na *lipwa inageuka kuwa awpil*. Solr ina kichujio tayari cha kazi hiyo. Ikasaidia. Lakini mama anauliza pia *lip*, nyota pande zote mbili, apate walilipa, malipo na wasiolipwa kwa pamoja. Kugeuza neno hakusaidii hapo. Nikakata maneno vipande vya herufi tatu tatu, yaani lip, ipw, pwa, nikavifanyia faharasa. Faharasa ikanenepa kweli, diski ikalia, ila nyakati za 99 zikashuka. Ningependa siku moja mmoja wenu aandike chombo kizuri cha kukata vichwa vya vitenzi vyetu, mimi nitupe hivyo vipande.

Sasa umeme. Wenye seva zao Ulaya hawana hesabu hii. Lucene inategemea mfumo wa kompyuta ushike vipande vya faharasa kwenye kumbukumbu ya RAM. Ndiyo maana swali la pili huwa jepesi kuliko la kwanza. Ikija delestaje, yaani umeme kukatwa kwa zamu, na betri ikaisha, kila kitu kilichoshikwa kinapotea, na maswali ya kwanza asubuhi yanasomwa kutoka kwenye diski baridi. Ukiyachanganya na ya mchana hutaelewa kitu. Mimi naandika katika kila mstari, seva imewaka tangu dakika ngapi. Na ikiwaka, kabla mama hajafika, programu ndogo inauliza maswali ya kawaida ya jana ili kuipasha moto.

Umeme unacheza na saa pia. Seva yetu ilikuwa na betri ndogo iliyokufa: ikizimwa inaamka na tarehe ya ajabu, kisha mtandao unairekebisha katikati ya kazi. Siku moja nilikuta muda wa milisekunde hasi, jibu limetoka kabla ya swali. Tulicheka sana. Ukipima muda, usitoe wakati wa mwanzo kwenye wakati wa mwisho kwa saa ya ukutani, ile inayorekebishwa; tumia ile saa ya ndani inayokwenda mbele tu. Katika lugha ya programu ya Java ni nanoTime, si currentTimeMillis.

Kuhusu kujaribu injini kwa programu inayouliza maswali mengi. Wengi wanaandika programu inayouliza, inangoja jibu, ndipo inauliza tena. Fikirini mnapima foleni ya bombani. Bomba linakwama dakika 10. Mpimaji wenu amesimama na ndoo moja, anaandika: ndoo moja imechelewa. Wale 30 waliokuwa nyuma yake hawaandikwi popote, na wao wamengoja. Mhandisi Gil Tene ndiye aliyelipa kosa hili jina katika fani yetu. Tuma maswali kwa mwendo uliopangwa, hata kama la nyuma halijarudi, na anza kuhesabu tangu wakati ambao swali lilipaswa kuondoka.

Ndiyo, kaka pale nyuma? Anauliza: swali likijibiwa haraka, si basi?

Hapana. Katika daftari letu mistari ya haraka kuliko yote ni ile ya hits 0. Mtu anatafuta "Lubumbashi" kwenye barua za 1950, anajibiwa upesi sana: hakuna. Barua zinasema Elisabethville. Jina lilibadilika mwaka 1966. Jadotville na Likasi vivyo hivyo. Tuliweka majina hayo kuwa visawe, na wakati wa kujibu ukapanda kidogo. Niliupokea kwa furaha.

Mama aliye mbele anauliza kama daftari hili halipelelezi watu. Linaweza, mama. Mwezi wa nane 2006 AOL, kampuni ya mtandao ya Marekani, ilitoa hadharani maswali milioni 20 hivi ya wateja wake, majina yamefutwa na kuwekwa namba. Siku chache tu, waandishi wa habari wakamtambua mwanamke mmoja kwa maneno aliyoyatafuta. Sisi hatuandiki nani ameuliza, na mistari inafutwa baada ya siku 30. Hii ya mwisho nilijifunza kwa njia nyingine: daftari lilijaa hadi diski ikaisha nafasi, na injini yenyewe ikasimama.

Naona taa zinayumba. Seva ndogo iko hapa mezani, ina betri yake, na daftari liko wazi ukutani. Mwenye neno gumu la Kiswahili aje aliandike, tuone litachukua milisekunde ngapi.