Kuzuru Mahali pa Ibada Ugenini: Tazama Miguu Kabla ya Minara

Waheshimiwa wazee wetu, mama zangu na ndugu zangu wa Mombasa, asalaam aleikum, na wenzetu wa imani nyingine, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie safari za nje za kuzuru mahali pa ibada na kuyaona maisha ya wenyeji. Naomba nianze na mgeni aliyetuzuru sisi.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tangier katika Moroko, alilala usiku mmoja kisiwani hapa akiwa njiani kwenda Kilwa. Aliandika kwamba misikiti yetu ilikuwa ya mbao na imejengwa kwa ustadi, kwamba mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, na kwamba, kwa kuwa watu walitembea miguu mitupu, aliyetaka kuingia aliteka maji kwa kata yenye mpini, akanawa miguu, kisha akaipangusa kwenye jamvi nene lililotandikwa pale mlangoni. Alitaja pia kuwa chakula chetu kilikuwa ndizi na samaki, kwamba nafaka ililetwa kutoka ng'ambo ya kisiwa, na kwamba palikuwa na tunda tamu linalofanana na zaituni, ambalo bila shaka ni zambarau letu. Katika usiku mmoja alitazama maji, miguu na sahani, na ndiyo sababu maelezo yake bado yanatufaa. Rai yangu ni kwamba nyumba ya ibada hufahamika kupitia watu wanaoitumia, na msafiri anayevitenga viwili hivyo hurudi na picha za kuta tu.

Chukueni mfano wa Lalibela, Ethiopia, nchi ambayo Mkenya huingia bila viza. Kuna makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba kutoka juu kwenda chini, ambayo hunasibishwa na Mfalme Lalibela aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, nayo yalikuwa miongoni mwa mahali 12 pa kwanza kuorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1978. Wengi hukimbilia Kanisa la Mtakatifu Georgi, lenye umbo la msalaba, wakapiga picha kutoka ukingoni na kuondoka. Anayeteremka hadi mlangoni hukuta viatu vimepangwa nje, waumini wamejitanda mashuka meupe, wengine wakibusu kizingiti, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mtu wa Mombasa, awe Mwislamu au Mkristo, hatahitaji kufundishwa adabu hiyo ya kuvua viatu. Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo, hivyo mkahawa utakupa injera, ule mkate wao mwembamba, na dengu, bila nyama wala maziwa. Nimewasikia wasafiri wakilalamikia jambo hilo kana kwamba mpishi ni mvivu, ilhali sahani ile ni sehemu ya ibada waliyosafiri kuiona. Jambo moja la lazima: mji huo uko katika jimbo la Amhara, ambako mapigano yalizuka mwaka 2023, basi ulizieni hali ya usalama kabla ya kukata tikiti.

Mashariki ya nchi hiyo hiyo kuna Harar, mji wa Waislamu uliozungukwa na ukuta, wenye misikiti 82, mitatu kati yake ikiwa ya tangu karne ya 10. Mingi ni midogo mno, ya mtaa na majirani zake, na huwezi kuielewa kwa kuihesabu. Ingieni katika nyumba ya Kiharari, kama mmekaribishwa: mtakuta majukwaa ya kukalia yaliyopandana kwa ngazi, kila moja na heshima yake, na kuta zilizojaa vikapu vilivyosukwa na wanawake, pamoja na vishubaka vitakavyowakumbusha zidaka za Lamu. Mgeni husubiri kuonyeshwa pa kukaa. Nakiri kwamba naupenda mji huu kuliko Istanbul ya Uturuki, ingawa Istanbul ndiyo inayouzwa na mawakala wetu.

Istanbul nayo ina jambo linalotuhusu sana. Msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na msanifu majengo Mimar Sinan na kukamilika mwaka 1557, haukujengwa peke yake. Ulizungukwa na madrasa, hospitali, hamamu, jiko la kuwalisha maskini na maduka yaliyotoa kodi ya kuendeshea huduma hizo, yote yakiwa chini ya wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya dini na huduma za watu. Sisi tunaobishana kila mwaka juu ya mali za wakfu tuna mengi zaidi ya kujifunza uani pale kuliko chini ya kuba. Hagia Sophia, kanisa la kale la mji huo ambalo sasa ni msikiti, ina habari tofauti: tangu Januari 2024 watalii wa kigeni hutozwa kiingilio na kupelekwa roshani ya juu, huku chini pakiachiwa wanaosali. Wapo waliokasirika, mimi naona ni haki.

Nasema hivyo kwa sababu tunajua uchungu wa kusumbuliwa na watalii. Meli ya watalii ikitia nanga Kilindini, mama aliyevaa buibui akipita Ndia Kuu hupigwa picha bila kuombwa ruhusa, nasi hunung'unika. Tukifika kwa watu, wengi wetu hufanya yale yale, tena kwa simu kubwa zaidi.

Kwa wenye mfuko mdogo, ningeshauri Kilwa Kisiwani, Tanzania. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya zamani zaidi na ile yenye kuba ni nyongeza ya karne ya 14, umejengwa kwa mawe ya matumbawe tunayoyajua, na lugha haitawapiga chenga. Kibali huchukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka kwa mashua. Msiondoke magofuni mbio: kijiji kiko pale pale, watu huvua na kulima, na mzee wa kijiji akiwa na nafasi atawaeleza makaburi ambayo kibao hakiyataji. Wenye maswali kuhusu njia ya basi na gharama, tuyasikilize sasa. Tuanze na akina mama walio mbele.