Kile Kisanduku cha Nchi

NEEMA: Haya, karibuni tena. Leo nilikuwa nimeandaa mambo matatu ambayo mtu akiwa hapa Arusha anaweza kufanya kwa ajili ya wafungwa wa kisiasa wa Sahrawi, wale watu wa Sahara Magharibi, eneo ambalo sehemu yake kubwa inakaliwa na Moroko, nayo nitayafikia, ila naona Hamisi ananiangalia tu.

HAMISI: Nakuangalia kwa sababu bahasha bado iko kwenye pochi yako. Waambie.

NEEMA: Ipo. Jumanne nilienda kuituma, kadi 12 tulizoandika na kina mama wa kikundi chetu, zinakwenda kwa familia moja El Aaiún, mji wa huko Sahara Magharibi, ambayo ndugu yao yuko gerezani. Yule dada wa kaunta akaniuliza nchi gani, nikasema Sahara Magharibi, akashusha ile orodha kwenye kompyuta mpaka chini kabisa, Yemen, Zambia, Zimbabwe, basi, imeisha. Akaniambia kwa upole tu, dada weka Moroko itafika. Nikakataa. Foleni nyuma inaguna, mimi nimesimama, mwisho nikachukua bahasha yangu nikatoka.

HAMISI: Na tangu Jumanne tunabishana. Mimi nasema ungeweka Moroko.

NEEMA: Kwa hiyo Aminatou Haidar naye angeweka Moroko?

HAMISI: Nilijua utamleta.

NEEMA: Lazima nimlete huyu mtetezi wa haki wa Kisahrawi, maana kisa chake ni kisanduku hiki hiki cha kujaza nchi. Novemba 2009 anarudi nyumbani El Aaiún anapewa kadi ya kujaza uwanja wa ndege, kwenye makazi anaandika Sahara Magharibi, kwenye uraia anaacha wazi. Wakamnyang'anya pasipoti, kesho yake wakampandisha ndege kwenda Lanzarote, kule visiwani kwa Wahispania. Akakaa pale pale uwanjani akagoma kula siku 32, mama wa watoto wawili, na huyu ni mtu ambaye kuanzia 1987 mpaka 1991 alishikwa kwenye jela ya siri bila kesi, kafungwa kitambaa machoni. Akarudishwa kwao Desemba na ile kadi hakuibadilisha.

HAMISI: Sawa, ila nani alimrudisha? Ni simu, Neema. Wahispania, Wafaransa, Wamarekani wote walipiga Rabat, kwa serikali ya Moroko. Barua na maandamano ndiyo yaliwasukuma hao wakubwa wapige simu. Sasa wewe barua yako iko kwenye pochi, inamsukuma nani?

NEEMA: Simu zingepigwa kwa nini kama angejaza Moroko? Angepita tu kama abiria wengine. Ugomvi wote wa miaka hii ni hilo neno. Tume ya Umoja wa Mataifa ya huko, MINURSO, iliundwa 1991 isimamie kura ya maoni Wasahrawi waamue hatima yao, kura haijapigwa mpaka leo, na kwenye majukumu yake hata kuangalia haki za binadamu hakumo. Watu wanapigwa mtaani na tume ipo hapo hapo mjini.

HAMISI: Hilo sibishi. Mimi nawafikiria walioko ndani. Kambi ya Gdeim Izik, ile ya maandamano ya Wasahrawi karibu na El Aaiún, ilivunjwa Novemba 8, 2010, askari 11 wa Moroko wakafa, na hao nao wana mama zao, lakini angalia ile kesi. Naâma Asfari, mwanaharakati wa Kisahrawi, alikamatwa Novemba 7, siku moja kabla! Mahakama ya kijeshi ikampa miaka 30, na 2017 kesi ikarudiwa mahakama ya kiraia akapewa ile ile 30, wenzake wengine maisha. Kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso ilishasema 2016 kwamba haki zake zilivunjwa. Mtu wa hivyo akipata kadi kutoka Arusha anajua hajasahaulika. Hatauliza mlijaza nini kaunta.

NEEMA: Atauliza! Yeye ndiyo atauliza wa kwanza. Kuna waliofungwa Kenitra, huko Moroko kwenyewe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao, mama akitaka kumwona mwanawe ni safari ya siku nzima na zaidi, wakati Mkataba wa Nne wa Geneva kifungu cha 76 unasema mfungwa wa eneo linalokaliwa atumikie kifungo kwenye eneo lake. Wanampeleka Kenitra kwa sababu kwao kote ni Moroko. Halafu mimi niandike hivyo hivyo kwa mkono wangu?

HAMISI: Siyo mkono wako, ni kompyuta ya kaunta. Na bahasha iliyoandikwa Sahara Magharibi ikifika pale, anayegongewa mlango usiku ni ile familia, siyo wewe.

NEEMA: ...

HAMISI: Ndiyo hivyo, dada yangu.

NEEMA: Hilo nimelifikiria, sijalala. Lakini nisiwaamulie kwamba wanaogopa, wao wenyewe wanasimama na bendera juu ya mapaa.

HAMISI: Wamechagua wao. Wewe utawachagulia.

NEEMA: Na wewe kwa kuandika Moroko umewachagulia pia.

HAMISI: Hapana, hapo hatuelewani.

NEEMA: Hatuelewani. Na mahakama yenyewe iko mjini kwetu, Septemba 22, 2022 Mahakama ya Afrika ilisema nchi zote za Umoja wa Afrika zina wajibu wa kuwasaidia Wasahrawi wajiamulie mambo yao, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi 8 zilizoshtakiwa. Haikukutwa na kosa, ila wajibu umeandikwa. Hilo ndilo lilikuwa jambo langu la kwanza kati ya yale matatu, kwamba mbunge wako...

HAMISI: Neema, dakika zimekwisha, fundi ananyoosha mkono huko.

NEEMA: Bado sijaanza!

HAMISI: Wiki ijayo. Niachie hiyo bahasha, kesho napita mjini.

NEEMA: Utaandika nini?

HAMISI: Ili ifike.

NEEMA: Basi inabaki kwenye pochi.