Nani Mke Siku ya Msiba?

Mhadhara uliotolewa Wete, Pemba, mbele ya walimu, wasaidizi wa sheria na wazazi

Assalaamu alaykum. Nimepewa muda mpaka Alasiri, na walionizoea wanajua kuwa nusu yake nitaimalizia Cape Town. Nivumilieni.

Mada niliyoandikiwa ni mjadala wa kuhalalisha ndoa za jinsia moja na mafao ya wanandoa. Dini inasemaje sitaeleza, maana hakuna aliyepita chuoni humu asiyejua. Sheria yetu pia mnaijua: ndoa hizo hazimo, na Sheria ya Adhabu ya mwaka 2004, iliyokuja kufuatwa na ya 2018, iliziwekea kosa lake mahsusi. Hakuna mswada uliopelekwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, kuomba vyenginevyo. Kwa hiyo anayesema mambo haya yameshafika mlangoni na anioneshe mlango wenyewe.

Hata hivyo yanazungumzwa. Barazani, kwenye kahawa, kwenye simu, usiku kucha. Na yanazungumzwa ovyo. Sisi tunagombana juu ya kitanda, na watu waliokwenda mahakamani huko walikokwenda, wengi wao walifuata nyumba, pensheni, bima na cheti cha kifo. Hilo ndilo langu. Nimelisema Konde, nimelisema Mkoani, leo nalisema Wete, na mwenye kuchoka asinzie kwa adabu.

Haya, Cape Town, Afrika Kusini.

Kulikuwa na mwanamke wa Kiislamu, kesi yake inajulikana kwa jina la Daniels dhidi ya Campbell. Aliolewa mwaka 1977 kwa nikahi, mbele ya mashahidi, ndoa ya mke mmoja. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya baraza la mji. Aliyekuwa mpangaji wake tangu mwanzo ni yeye mwanamke, lakini alipoolewa upangaji ukahamishiwa kwa mume, kwa sababu kanuni za wakati ule zilimtaka mwanamme awe ndiye mwenye jina. Baadaye nyumba ikanunuliwa, kwa jina la mume. Mwaka 1994 mume akafariki, bila ya wasia.

Sasa mjane anakwenda ofisi ya mirathi. Anaambiwa: wewe hukuolewa mbele ya ofisa wa ndoa anayetambuliwa na serikali, kwa hiyo huna urithi wa mke. Hebu mfikirieni mama huyo. Eda ameikaa. Kwa shehe ni mjane, kwa majirani ni mjane, kwa mawifi ni mjane na pengine wameshaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Kwa karani si chochote, ni mtu aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya marehemu.

Alipambana mpaka Mahakama ya Katiba. Hukumu ilitoka Machi 2004, na aliyeiandika ni Jaji Albie Sachs, yule aliyekatwa mkono na bomu la makaburu pale Maputo mwaka 1988. Akasema mjane huyu ni mke, arithi kama mke. Tulioisikia huku tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini msikimbie na furaha, kwa sababu Sachs huyo huyo, Disemba 2005, aliandika hukumu nyengine, ya wanawake wawili waliotaka kuoana. Akasema sheria inayowafungia nje inakwenda kinyume na Katiba, na Bunge likapewa mwaka mmoja wa kurekebisha. Novemba 2006 Afrika Kusini ikawa nchi ya kwanza barani kwetu kuwa na sheria ya kuwafungisha ndoa watu wa jinsia moja. Katiba ile ile, jaji yule yule, na hoja iko karibu sana: dola isimkane mtu aliyeishi na marehemu kwa sababu tu haikuipenda namna walivyofunga ndoa yao.

Nikifika hapa huwa namwona mtu ananuna. Leo ni yule bwana wa safu ya pili. Najua unalotaka kusema, bwana wangu. Unataka kusema, "Bi Mkubwa, unalinganisha nikahi na uchafu?" Silinganishi. Mbele ya Mwenyezi Mungu nikahi ni nikahi na haihitaji muhuri wa Pretoria. Nazungumzia karani. Karani hana kitabu cha fiqhi mezani, ana fomu, na kwenye fomu ile mjane wa Kiislamu alikuwa kundi moja na wale usiotaka hata kuwataja. Mashekhe wengi wa huko walipinga sheria ya 2006 kwa sauti kubwa, na ni haki yao. Na Waislamu hao hao walikuwa mahakamani miaka nenda miaka rudi wakiomba nikahi itambuliwe. Wake wa mume mmoja, wawili na zaidi, walikuja kupata haki ya kurithi bila wasia mwaka 2009, kwa kesi ya Hassam. Ama hukumu kwamba sheria ya ndoa na ya talaka zimewadhulumu walioolewa kwa nikahi kwa kutowatambua, ile ya Mahakama ya Katiba ilitoka Juni 2022. Hesabuni wenyewe: 2006 na 2022. Nani alitangulia kuandikwa?

Na kabla ya yote hayo, mafao yalitangulia ndoa. Mwaka 2002, miaka minne kabla ya sheria, jaji mwanamke, Kathleen Satchwell, alishinda kesi katika mahakama hiyo hiyo. Hakuomba harusi. Aliomba mwenzake wa kike apate mafao ambayo mke au mume wa jaji hupata, pensheni ikiwemo. Walioanza na pensheni waliishia kwenye ndoa, na ndivyo ilivyokwenda karibu kila pahala. Uingereza watu wa jinsia moja waliandikishana kwanza kama wenza kwa sheria ya 2004, ndoa yenyewe ikaja kwa sheria ya 2013. Ufaransa walianza na mkataba wa kuishi pamoja wa 1999.

Marekani nitaipita mbio. Edith Windsor, bibi wa New York, fundi wa kompyuta wa zama za mwanzo. Alichumbiwa na mwenzake, Thea Spyer, mwaka 1967, kwa bruchi, pini ya kifuani, ya almasi badala ya pete, ili kazini wasimuulize mchumba wake ni nani. Miaka arubaini baadaye, 2007, wakenda Toronto wakaoana. Mwaka 2009 Thea akafa akamwachia mali yake, na serikali kuu ikamletea Edith hati ya kodi ya urithi: dola 363,053. Angekuwa mjane wa mwanamme asingedaiwa hata senti, kwa sababu mali inayokwenda kwa mume au mke haikatwi kodi hiyo. Sheria ya 1996, aliyoitia saini Rais Clinton, ilisema kwa serikali kuu ndoa ni ya mwanamme na mwanamke tu. Edith akashitaki, na mwezi wa Juni 2013 akashinda kwa majaji watano dhidi ya wanne. Wakaguzi wa serikali yao walikuwa wameshahesabu vifungu 1,138 vya sheria za nchi ambavyo ndani yake kuoa au kuolewa kunabadilisha haki ya mtu. Mkitaka kujua kwa nini watu walipigania neno ndoa, basi ndiyo hivyo vifungu.

Miaka miwili baadaye, 2015, ile kesi kubwa ya Obergefell, iliyofungua ndoa hizo nchi nzima, mwanzo wake ulikuwa nini? Cheti cha kifo. Mwanamme wa Ohio alitaka aandikwe kwenye cheti cha mwenzake wa kiume kuwa ndiye mfiwa. Ilikuwa watano kwa wanne tena, na Jaji Mkuu wao alikuwa katika wale wanne. Alisema jambo hili lilikuwa la wapiga kura, si la majaji watano. Hoja nzito hiyo, hata ukiwa huipendi.

Kuna wale ndugu wawili wa Kiingereza, akina Burden, bibi vizee, toka nitoke, waliokaa nyumba moja umri wao wote. Wakauliza: mmoja wetu akifa, kwa nini mwenzake alipe kodi ya urithi, na wanawake wawili walioandikishana hawalipi? Wakenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakashindwa mwaka 2008, majaji 15 dhidi ya 2. Mimi kesi hii huniuma kuliko zote, kwa sababu Pemba imejaa akina Burden. Dada aliyemuuguza kaka yake mpaka akamzika, shangazi aliyelea watoto wasio wake. Hao hawana fomu. Ningepata siku nyengine ningewazungumza wao tu, lakini naoneshwa saa.

Turudi nyumbani. Msiniambie ya kwetu yako sawa. Nikahi inatambulika, kadhi yupo Wete, yupo Chake Chake, Alhamdulillahi. Mjane wa Zanzibar haulizwi ndoa yake ni ya dini gani. Anaulizwa cheti. Na hapo ndipo tunapoumbuka. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu tunayo tangu ukoloni, lakini ndoa ngapi zinafungwa baada ya Isha, shehe akala pilau, watu wakatawanyika, na hakuna aliyeshika kalamu? Khasa ya pili. Ya pili, ndugu zangu, hufungwa kimya kimya kama magendo ya karafuu.

Nimekaa na wanawake wa namna hii katika kazi ya usaidizi wa sheria. Mume ameajiriwa, ana mke Unguja kwenye faili la kazini, na mke Pemba kwenye moyo wake, kama anavyosema. Anafariki. Mke wa Pemba anakaa eda miezi minne na siku kumi. Anatoka, anakwenda kufuatilia kiinua mgongo, anaambiwa: jina lako halimo. Lete cheti cha ndoa. Shehe aliyewafungisha amefariki. Lete barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yako. Sheha anasema alikuwa akimwona bwana akiingia na kutoka, lakini ndoa hakushuhudia. Thumni ya wake, moja ya nane marehemu akiwa ameacha watoto, imeshaandikwa katika Qur'ani, na wake wakiwa wawili wanagawana thumni hiyo. Mwenyezi Mungu amemhesabu, faili halikumhesabu.

Na aliyeachwa je? Ameachwa kwa maneno, tena kwa simu, hakuna karatasi. Akitaka kuolewa tena, mume wa zamani anakana. Bwana akifa kabla ya hapo, watu wanagombana kama alikuwa mke au hakuwa. Huko bara wana Sheria ya Ndoa ya 1971, kwetu haitumiki, na sisemi tuichukue. Nasema talaka iandikwe. Inagharimu nini?

Kijana mmoja Konde aliniuliza, "Sasa unataka tuwaache hao watu wa jinsia moja?" Nikamwambia mimi nimezungumza mirathi saa nzima, wewe umesikia hilo tu. Anayejiona mlinzi wa ndoa aanze na ya mama yake, aulize cheti kiko wapi. Na kwa vile nimeulizwa: sheria tunazo na mahakama tunazo, na hakuna kifungu kinachomruhusu mtu kumvamia jirani yake kwa kumshuku.

Kuna jambo moja la kheri nitalitaja kwa haraka. Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016, wakati ule kwa shilingi elfu ishirini kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70. Ile haikuuliza umeolewa na nani, wa kwanza au wa pili, au hukuolewa kabisa. Ilimtazama mtu na umri wake. Bibi ambaye mumewe alikuwa mvuvi, asiyejua mfuko wa hifadhi wala makato, aliipata. Fedha ndogo, ndiyo, lakini wenye kupanga mafao wangeitazama vizuri namna ilivyofikiriwa. Nilitaka nizungumze na bima ya afya pia, na wategemezi, na watoto wa nje ya ndoa. Nayawacha, muadhini anakaribia.

Bibi yule wa nyuma ana suala. Naam? Ndoa ya mwaka 1989, shehe amekufa, cheti hakuna, mume yu hai. Mama, una bahati, mume yu hai! Wiki ijayo nendeni wote wawili kwa kadhi wa wilaya, na mashahidi walio hai, vitambulisho vyenu vya Mzanzibari Mkaazi na barua ya sheha, muombe ndoa yenu ithibitishwe na iandikwe. Akisema ana kazi, mwambie mie nimekutuma. Na kama ana mwengine, naye aende naye.