Fundi Haanzii Mbele

Mbukwenyi wapendwa! Leo siko Houston, vumbi hilo mnaliona wenyewe. Niko nyumbani Dodoma, Chang'ombe, uani kwa mama mdogo, na upepo huu wa Agosti tuvumiliane. Maikrofoni nimeivika soksi lakini wapi. Mkisikia tratratratra huko nyuma, ni cherehani yake, Butterfly ya miguu, imenizidi umri. Nimemwomba apumzike dakika kumi tu nirekodi, akasema sare za watoto wa watu haziwezi kungoja video. Basi tutakwenda naye hivyo hivyo.

Niliwaahidi habari ya yale maonyesho ya kwilti ya Houston, kule Marekani. Siku nilipompigia kaka yangu kumwambia nimelipa kiingilio kwenda kuangalia mablanketi, alikaa kimya, halafu akaniuliza kama huko ninakula vizuri.

Kaka, sikiliza. Kwilti ni tabaka tatu. Juu kuna vipande vya vitambaa vilivyounganishwa hadi vikawa maua, nyota, sura ya mtu, chochote. Katikati pamba. Chini bitana. Halafu unapitisha mshono kutoka juu mpaka chini, eneo lote, pamba isije ikakimbilia kona moja kama godoro la bweni. Huo mshono unaoshika tabaka zote tatu ndio unaoifanya iwe kwilti.

Aliyenipeleka ni bibi mmoja ninayemhudumia kazini. Ndiyo, yeye ndiye aliyenipeleka, ingawa kiti cha magurudumu nilikisukuma mimi. Maonyesho yale yalianza miaka ya 1970, na siku hizi hufanyika kwenye ukumbi wa George R. Brown katikati ya jiji, na ukumbi wenyewe jamani, nilitembea mpaka viatu nikavivua nikavitia begini. Kwilti zimetundikwa kwenye mapazia meusi, taa zimeelekezwa juu yake, watu wanapita taratibu kama wamekuja kutoa heshima msibani. Pembeni kuna wanaume wamekaa kwenye viti, wameshika mifuko ya wake zao, macho yamekata tamaa. Hao niliwaelewa lugha yao bila mkalimani.

Niliona uso wa mzee umeundwa kwa vipande vidogo vidogo, sijui mia ngapi, na mikunjo ya shingo yake ni uzi mtupu. Niliona bahari. Lakini bibi alinisimamisha mbele ya moja nyeupe. Nyeupe yote, haina ua wala rangi, kitambaa kimoja kizima. Nikasema moyoni, hii wamesahau kuimalizia. Akaniambia nisogee upande, nitazame taa ikiipiga kwa ubavu. Wapendwa! Kumbe imejaa majani na manyoya ya ndege, yote yamechorwa kwa kivuli cha mshono tu. Na kwa mkono! Wenyewe wakisema mtu ana mkono mzuri wanahesabu mishono kumi, kumi na miwili, ndani ya inchi moja. Inchi moja ni hiki kipande cha juu cha kidole gumba, hiki hapa.

Mimi mkono ukanitoka wenyewe, nikataka kugusa. Hairuhusiwi, jasho la vidole linachafua. Mama mmoja aliyevaa glovu nyeupe akanijia mbio mbio, nikajua leo natolewa nje. Wala hakugomba. Akashika pembe ya ile kwilti na hizo glovu zake, akaigeuza, akanionyesha nyuma. Kazi yao hao wa glovu ndiyo hiyo. Sikuelewa mtu aliyelipa kiingilio aangalie nyuma ya kitu kwa sababu gani. Nikasema "nzuri sana", nikapiga picha ya mbele, nikaondoka.

Sasa jana usiku nimekaa na mama mdogo namwonyesha picha kwenye simu. Nikaanza na kazi za Bisa Butler, Mmarekani ambaye baba yake ametoka Ghana. Huyu hutengeneza watu wakubwa kama walivyo, anawatoa kwenye picha za zamani za Wamarekani weusi, na vitambaa vyake ni vitenge vya wax, kente, hariri. Ngozi ya mtu anaiweka ya bluu, ya zambarau, na bado unamwona ni mtu mweusi kabisa. Kazi zake zimetundikwa hadi makumbusho ya sanaa ya Chicago. Mama mdogo akavaa miwani. Akaikuza picha. "Kitenge hiki nilimshonea mke wa mchungaji." Basi.

Nikamwambia habari ya Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Alishona kwilti yenye visa vya Biblia, watu na wanyama wamekatwa wakabandikwa kwa mshono, na wataalamu wengine wanaona inafanana na vitambaa vya Dahomey, yaani Benin ya leo. Mwaka 1891 maisha yakambana, akaiuza. Alitaka dola kumi, akapewa tano. Leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Mama mdogo hakuuliza habari za makumbusho. Aliuliza, "Tano, na uzi wa kwake?"

Waliomgusa hasa ni wale wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama kilichozungukwa na mto pande tatu. Hao walikuwa wanashonea baridi. Suruali za shamba zilizopauka magotini, magunia, nguo za marehemu. Mwaka 2002 kazi zao ziliwekwa makumbusho ya sanaa huko huko Houston, kisha New York, na mwaka 2006 zikatolewa kwenye stempu za posta ya Marekani. Mama mdogo akasimamisha cherehani. Akasema, "Mwanangu, mimi miaka yote hii nalipwa nifiche kiraka. Kisionekane. Mteja akikiona, hanilipi." Akacheka peke yake. Kisha akaniuliza, "Mbona zote umepiga mbele? Nyuma yake iko wapi?"

Nikaishiwa. Nilionyeshwa ile nyuma na mtu aliyevaa glovu kabisa, nikapita.

Akanieleza kwamba mbele hata mwanafunzi wa miezi mitatu anaweza kukudanganya, pasi tu inatosha. Nyuma ndiko anakoona kama fundi alikuwa na haraka, kama uzi ulikatika akaunga, kama alilala akaendelea kesho.

Ilibidi nitoe zawadi. Nilikuwa nimemnunulia kwilti ndogo, ya kuweka mgongoni mwa kiti, nyota nyekundu na krimu, nikiisubirisha mpaka leo niirekodi akifurahi. Hii hapa... ngojeni, kumbe anayo yeye. Mama! Nionyeshe kidogo kwenye kamera.

Mnaona? Nyota hata hajazitazama, ameshaigeuza. Anapitisha kidole. "Hapa karuka." Wapi? "Hapa. Mishono mitatu."

Na sindano imeshatoka. Mama, hiyo ni zawadi jamani, hata sijaku... Haya. Nipe nikutungie uzi.